Majibu ya mama

Tumetoka kliniki sasa hivi na mama. Majibu ya damu ni mazuri, alhamdulillah!

Ana saratani ya damu, ile ya kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Hapo huzaliwa protini inayoiamrisha seli igawanyike, igawanyike, bila kupumzika.

Imatinibu, dawa anayotumia mama, hukaa palepale protini hiyo inapochukulia nguvu. Amri haitoki tena. Na dawa yenyewe Marekani waliiidhinisha 2001 tu!

Mchana nimemtazama akila, kisha vidonge vinne kiganjani, bilauri ya maji. Akafuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Mbona unalia, mwanangu?"

Nani mwingine anauguza mgonjwa wa namna hii? Niambieni mnaendeleaje.