Kikao cha wazazi na mbalamwezi

Kwetu ni Korogwe, na nilipopangiwa shule ya msingi hapa Tanga mjini, bahari nilikuwa naijua kwa kuitazama tu. Miaka miwili ya kwanza niliamini wazazi wa darasa langu la tatu hawajali. Tukiita kikao wanakuja kumi na nane, akina baba wawili. Ofisini tukirudi kila mtu anasema lake: "Watu wa pwani ndivyo walivyo." Na mimi nimelisema neno hilo. Linaniuma mpaka leo.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja, muuza dagaa. Nilimwandikia barua nikampa mjukuu wake apeleke. Siku ya nne bibi akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu, barua bado imekunjwa vilevile mkononi, magamba ya samaki yamemkaukia kwenye kiganja. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kafanya nini tena huyu? Sema tu, nishajiandaa."

Mtoto hakuwa na kosa lolote. Haoni ubaoni, na nilitaka apelekwe kupimwa macho. Lakini bibi hajui kusoma, msomaji wake ni mjukuu huyohuyo, naye aliishia mstari wa kwanza: "Unaitwa shuleni." Siku nne mwanamke mtu mzima amelala na hofu kwa sababu ya sentensi yangu.

Tulipomaliza la macho nikamuuliza mbona kikaoni hakuonekana. Akanitazama kwa huruma.

"Mmekiita giza, mwanangu. Nani atakuja?"

Akanieleza, na nawaeleza walimu wenzangu mliopangiwa pwani mkitokea bara. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa haupo, dagaa hukusanyika kwenye mwanga wa taa, kwa hiyo vyombo vyote viko baharini mpaka alfajiri. Akina mama nao alfajiri wako Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, wanasubiri vyombo vishushe, na saa nne asubuhi, saa ile tuliyokuwa tunaipenda kwa vikao, ndiyo wako motoni wanachemsha dagaa kwa chumvi kabla ya kuanika. Mbalamwezi ikija taa haina kazi, baba yuko nyumbani anashona nyavu. Kalenda yetu ya ofisini haikuwa na habari hiyo.

Nikamwomba mwalimu mkuu tujaribu mara moja. Tukaangalia mwezi, tukaweka kikao siku za mbalamwezi, saa kumi na nusu, baada ya swala ya alasiri. Viti viliisha. Akina baba walikaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika kifuani. Na neno la kwanza la mwalimu mkuu lilikuwa: "Leo hakuna mchango." Michango ya lazima iliondolewa tangu 2016, lakini mzazi akisikia kikao bado mkono unaenda mfukoni, na asiye na kitu hubaki nyumbani kwa aibu. Lazima litajwe mwanzo, tena kwenye barua yenyewe.

Barua zangu nazo nimezibadilisha. Naanza na jambo lenyewe: "Mtoto hana kosa. Naomba tuzungumze kuhusu macho yake." Kwa asiyesoma napiga simu, au napita mwenyewe nikitoka kazini. Sitaki tena mtoto abebe ujumbe unaomhusu mwenyewe.

Kundi la WhatsApp tunalo, na nililiharibu mapema. Niliweka matokeo ya muhula, majina na nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Mama wa mtoto wa mwisho alitoka kwenye kundi usiku uleule. Nilimfuata gengeni kwake nikamwomba radhi mbele ya wateja wake, maana aibu aliipata mbele za watu. Sasa alama za mtoto anaambiwa mzazi wake peke yake. Kwenye kundi ni ratiba, sare na likizo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kilianza kwa baba mmoja aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, kisiwani Mafia. Wavuvi wakienda dago hukaa miezi. Mwanawe alikuwa anasoma kwa kukatakata silabi, na mama alisema baba ndiye anayemsikiliza. Nikamrekodi mtoto akisoma aya moja, sekunde arobaini hivi, nikamtumia baba. Siku mbili kimya. Kule mtandao ni wa kubahatisha. Ya tatu ikaja sauti, upepo unavuma nyuma yake: "Mwanangu, nimekusikia. Hapo kwenye 'mchungaji' umeruka. Rudia, nakusubiri."

Alirudia mara sita kabla hajaniruhusu nibonyeze kutuma.

Kikao kijacho kimeangukia mwezi kumi na nne, Jumamosi. Baba yake ameuliza saa ngapi.