Kiwiko cha Ernie Broglio

Jumapili, saa nne usiku.

Nimeingia sasa hivi kutoka kazini, hata koti sijalivua. Naandika kabla sijalala, maana kesho maneno ya wazee wangu yatakuwa yameshanitoka kichwani, na ya leo sitaki yapotee.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua natunza wazee hapa pembezoni mwa Chicago. Pale chumba cha televisheni nina wawili ambao kila mwaka besiboli ikianza hawakai mbali. Mmoja alizaliwa upande wa kaskazini wa jiji, mwendo wa miguu kutoka uwanja wa Wrigley, na ni shabiki wa damu wa Cubs, timu ya Chicago inayocheza pale. Mwenzake katoka kusini ya jimbo hili hili la Illinois, ng'ambo ya mto ukitokea St. Louis, na huko watu ni mashabiki wa Cardinals, timu ya St. Louis, tangu tumboni. Nilipofika nchi hii nilidhani jimbo moja lina mapenzi mamoja. Kumbe limegawanyika kama nyumba ya Kariakoo, chumba cha mbele Simba, uani Yanga, na wote wanakula sufuria moja.

Leo timu zao zilikutana. Zikikutana lazima liibuke jambo la tarehe 15 Juni 1964, na lazima aanze mzee wa Cardinals. Hamtukani mwenzake. Anasema tu, taratibu, huku anakoroga uji wake: "Brock kwa Broglio." Basi. Maneno matatu, na mzee wa Cubs anageuza uso dirishani.

Nieleze, maana nyumbani mpira wa miguu hauna desturi hii. Kwetu mchezaji anasajiliwa, klabu inatoa fedha, mtu anahama. Huku timu mbili zinaweza kubadilishana watu wazima kwa watu wazima. Siku ile Cubs waliwapa Cardinals kijana wa miaka 24, Lou Brock, pamoja na warushaji wawili, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira, Jack Spring na Paul Toth. Wao wakapokea Ernie Broglio, Bobby Shantz na Doug Clemens. Hao wanne wengine leo huwataji mpaka uulizwe. Jambo lenyewe lilikuwa Brock kwa Broglio, na ndivyo lilivyobaki midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka 60. Mtu akipunjwa katika mapatano yoyote ya wachezaji nchi hii, atatokea mmoja akumbushe hilo jina.

Ila siku yenyewe waliojiona wamepunjwa walikuwa Cardinals! Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Broglio alikuwa mrushaji aliyeiva. Huku ushindi wa mechi huandikwa kwa jina la mrushaji, na yeye mwaka 1960 alishinda mechi 21, mwaka 1963 akashinda 18. Brock alikuwa na mbio, lakini gongo lake lilikuwa halijatulia, wastani 0.251, yaani katika kila mara nne anafanikiwa moja. Wachezaji wa Cardinals wenyewe, hata Bob Gibson, walinung'unika kwamba uongozi umemtupa mtu wa maana. Chicago watu wakafurahi. Mzee wangu wa Cubs alikuwa na miaka 11, na anasema baba yake alirudi kutoka kiwandani na gazeti kwapani, akaliweka mezani kwa kishindo, akacheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Kicheko hicho hakikufika mwisho wa kiangazi.

Brock aliwakuta Cardinals wakiwa safarini Houston, timu iliyokuwa imeshinda mechi 28 na kupoteza 31. Kocha Johnny Keane akamwambia akimbie atakavyo. Nadhani huu ndio moyo wa habari nzima, na mashabiki wengi wanaupita haraka wakikimbilia takwimu. Chicago alikuwa akiwekwa upande wa kulia wa Wrigley, mahali ambapo jua la mchana linampiga mchezaji machoni, maana kushoto kulikuwa na Billy Williams na hakukuwa na wa kumwondoa. Mpira ukiruka juu Brock anauhangaikia. Anazomewa. Anajaribu kupiga kwa nguvu ili awanyamazishe, anakosa. St. Louis kulikuwa na pengo upande wa kushoto, kwani Stan Musial alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia. Wakamweka pale, wakamwachia miguu yake. Kuanzia hapo hadi msimu unakwisha wastani wake ulikuwa 0.348, na aliiba besi 33.

Kuiba besi, kwa msiojua, si hila wala udanganyifu. Mchezaji amesimama kwenye besi ya kwanza, mrushaji yuko katikati na mpira mkononi. Ule mkono ukianza tu kuelekea kwa mpigaji, yeye anachomoka kwenda besi ya pili, hatua kama thelathini, na mdakaji anapaswa kuudaka mpira, ainuke, autupe, umfikie mwenzake kabla mkimbiaji hajateleza kwa tumbo au kwa miguu. Brock alikuwa akiwasoma warushaji kama mvuvi anavyosoma upepo. Anajua bega gani litatikisika kwanza.

Cardinals walinyakua nafasi ya kwanza siku ya mwisho kabisa ya msimu, tarehe 4 Oktoba, baada ya Phillies, timu ya Philadelphia, kuporomoka na kupoteza mechi kumi mfululizo. Kisha wakawafunga Yankees wa New York katika fainali ya ubingwa, mechi ya saba, na siku hiyo Brock aliupiga mpira mmoja ukavuka ukuta. Aliyefanya mapatano yale, Bing Devine, meneja mkuu wa Cardinals, hakuyala matunda akiwa kazini. Walikuwa wamemfukuza mwezi Agosti. Brock akaendelea mpaka 1979: besi 118 kwa mwaka mmoja, 1974, besi 938 kwa maisha yote, na mapigo 3,023. Pigo lake la 3,000 aliwapiga Cubs, na mpira ukamgonga mrushaji wao mkononi. Mwaka 1985 akaingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Na Broglio? Broglio alishinda mechi saba akiwa na Cubs. Saba, kwa miaka mitatu, na kupoteza 19. Kisha akawa hayupo tena katika ligi kuu.

Hapo ndipo masimulizi ya watu yanapokomea. Ndipo na mimi nilipokuwa nikikomea, kwa miaka mingi nikisikia kisa hiki nikiwa nabadilisha shuka au nahesabu vidonge. Hesabu inafungwa: 938 upande huu, saba upande ule, mjinga ni Cubs. Leo haikufungwa.

Baada ya chakula cha mchana mzee wa Cubs aliniambia, "Binti, kwenye droo ya pili kuna kopo la biskuti. Niletee." Nikalileta. Ndani mna kadi za wachezaji, zile zilizokuwa zikiuzwa na ubani wa kutafuna, za utotoni mwake. Akapekua kwa vidole vinavyotetemeka mpaka akaifikia moja iliyokuwa peke yake ndani ya mfuko wa plastiki. Akanipa.

Ni Broglio, na juu yake limeandikwa jina la Cardinals kwa herufi kubwa, kwa kuwa kadi za 1964 zilichapwa kabla hajahamishwa. Usoni pana alama ya msalaba wa wino wa kalamu, kutoka paji la uso hadi kidevuni, na mwingine sikio kwa sikio. Lakini wino umefifia. Nilipoisogeza dirishani nikaona karatasi imechubuka pale usoni, imekuwa na manyoyamanyoya kama kitambaa kilichofuliwa sana, kwa sababu kuna mtu alijaribu kuufuta kwa raba. Amefuta, amefuta, wino haukutoka wote, ila mdomo wa yule mtu ndio umetoka.

"Msalaba niliuchora mimi," alisema. "Na kufuta nilifuta mimi."

Kiangazi cha 1965 baba yake alimpeleka Wrigley. Broglio akaingizwa kurusha, akapigwa, akatolewa. Wakati anatembea kuelekea kivulini uwanja mzima ulimzomea, na mtoto wa miaka 12 akasimama juu ya kiti akazomea kwa sauti kuliko baba yake. Baba akamshika bega kwa furaha. Usiku ule ndipo alipochora msalaba.

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za kiwiko.

Mkono wa Broglio ulikuwa mgonjwa. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba ulianza kumsumbua akiwa bado St. Louis, na kwamba alikuwa akichomwa sindano za kortisoni ili aweze kurusha. Novemba 1964, miezi mitano tu baada ya kuhamishwa, alipasuliwa kiwiko. Msimu uliofuata alikuwa uwanjani tena. Mimi nimetunza watu waliopasuliwa viungo. Najua kiwiko kilichotoka kupasuliwa kinavyokuwa, mtu anavyouma meno kuinua kijiko tu. Huyu alikuwa akiombwa arushe mpira kwa nguvu zake zote, tena na tena, mbele ya watu elfu kadhaa wanaomwambia yeye ndiye hasara.

Nilimuuliza mzee kwa nini Broglio hakukataa. Aliyejibu ni yule wa Cardinals, ambaye muda wote tulidhani anasinzia. "Hawakuwa wakiulizwa," alisema.

Ni kweli. Zama hizo mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mwaka hadi mwaka, na klabu ikiamua kumpeleka kwingine, anafunga mzigo. Brock hakuulizwa. Broglio hakuulizwa. Aliyekuja kusema hapana ni Curt Flood, aliyecheza katikati ya uwanja, ubavuni kwa Brock, miaka yote ile ya ushindi. Oktoba 1969 Cardinals walimpeleka Philadelphia, akakataa, akaenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano dhidi ya tatu. Mpira ulikuwa umeshamwishia. Uhuru wa kuchagua timu ulikuja miaka michache baadaye, wakafaidi wengine. Mzee wa Cardinals anamtaja Flood kwa sauti ile watu wanayotumia kumtaja ndugu yao marehemu.

Kisha wakaanza kuzungumza wao kwa wao, mimi nikajifanya nakunja taulo. Wakakumbushana jinsi Brock na Broglio walivyokuja kuwa marafiki. Miaka ya 1990 Cubs waliwaalika wote wawili kwenye mechi ya wakongwe pale Wrigley. Brock akashangiliwa, watu wamesimama. Broglio akazomewa. Miaka thelathini imepita, nywele nyeupe, na bado wanamzomea! Broglio alilichukua kwa moyo mkunjufu, na Brock kila alipopata nafasi alikuwa akiwaambia watu kwamba yule alikuwa mrushaji mzuri kweli. Nimelifikiria hilo njia nzima nikiwa kwenye basi. Aliyefaidika na mapatano ndiye aliyemtetea. Sisi tunaotazama, ambao hatukupoteza hata senti, ndio tuliokuwa na kinyongo.

Broglio alifariki Julai 2019. Brock akamfuata Septemba 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kisukari kilikuwa kimemlazimu kukatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Mzee wa Cardinals ana kisukari pia, mimi ndiye ninayemkagua nyayo kila asubuhi. Hilo la Brock huwa hapendi litajwe, na leo alilitaja mwenyewe.

Cubs walishinda leo jioni, lakini nadhani hakuna kati yao aliyeona mpigo wa mwisho. Mzee wa Cardinals alikuwa ameunyoosha mkono. "Nipe nimwone," alisema. Mwenzake akasita kidogo, akaitoa kadi kwenye plastiki, akampa. Akaikamata kwa ncha za vidole, akapitisha dole gumba juu ya pale palipochubuka, kwenda na kurudi.

"Mwaka 1960," alisema, "baba yangu alinipeleka kumwona huyu. Alikuwa na mpira unaopinda mwishoni, unaingia kama unakwenda kifuani halafu unadondoka miguuni. Alishinda siku ile."

"Ulipinda vipi?" akauliza wa Cubs. Miaka yote hii hajawahi kumuuliza.

Mzee akaweka kadi gotini, akainua mkono wake wa kulia, ule wenye kiharusi kidogo, nikasogea maana nilidhani ataanguka. Akaukunja mkono, akauzungusha polepole hewani, akamwonyesha.