Mama alivunjika nyonga, wageni wakasema alale

Wanaokuja kumpa pole mtu aliyevunjika nyonga huwa na ushauri mmoja: mwacheni apumzike. Mama yangu aliteleza bafuni, hapa Tanga, shingo ya mfupa wa paja ikavunjika, akawekewa kichwa cha mfupa huo cha bandia, cha chuma. Asubuhi ya pili kijana mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, alikuja kumsimamisha. Shangazi akatoka wodini analia, eti wanamtesa wifi yake.

Hawakumtesa. Nawaambia wote wenye mzazi wodini leo. Mzee akilala chali siku nyingi misuli inanywea, mapafu yanajaa makohozi mpaka nimonia, damu inaganda miguuni, makalio na visigino vinachimbika vidonda. Wengi wa wanaokufa baada ya kuvunjika nyonga huondoka kwa hayo, na mfupa wenyewe ulishatengenezwa.

Yule kijana alisomea hospitali ya KCMC, Moshi. Alikuwa anasubiri kwanza dawa ya maumivu ishike, ndipo anasogea: "Shikamoo bibi, tufanye kazi?" Alipojua mama ni fundi cherehani, akamwambia achezeshe kifundo cha mguu vile vile anavyokanyaga cherehani yake, damu ipande. Halafu: gandamiza goti kwenye godoro, kaza paja, hesabu mpaka tano, achia. Mama alikuwa anapotea hesabu, akaomba tasbihi yake. Kila akikaza na kuachia, anasogeza punje moja. Mpaka wenzake wa vitanda vya jirani wakawa wanafanya naye.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Kwa aina ya upasuaji wake aliambiwa miezi mitatu ya mwanzo asikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga, asipishanishe miguu, asigeuze unyayo kwa ndani, maana kile kichwa kinaweza kuchomoka. Sasa angalia nyumba zetu: kigoda, mkeka, choo cha kuchuchumaa. Tuliruhusiwa bila mtu yeyote kutuuliza choo chetu kikoje, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mgonjwa anaweza kuharibu operesheni nzima siku ya kwanza akienda haja.

Tulichukua kiti kigumu cha mbao chenye mikono, seremala akatoboa tundu la duara katikati, akalisugua kingo kwa msasa hadi laini, akaongeza urefu wa miguu. Kikakaa juu ya choo. Kitanda tukakiinua kwa matofali. Mkeka wa sala ukabadilishwa na kiti. Dini imemruhusu mgonjwa kusali amekaa, na kwenye sijda akawa anainamisha kichwa tu.

Shangazi hakukata tamaa, akaleta mchuaji na mafuta ya nazi. Nilimkatalia kwa heshima zote. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji kama huu damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mguu, ukiuchua unaweza kuling'oa lile donge likaenda kuziba mapafu. Shavu la mguu mmoja likivimba, likauma au likapata joto, usisubiri kesho, nenda hospitali. Na pumzi zikimbana ghafla, mkimbize hospitali.

Kwenye ngazi za barazani kijana alimpa kanuni nyepesi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, ule mbovu unatangulia. Mama alikuwa anaisema kwa sauti kabla ya kila hatua, ameshika fremu ya kutembelea, mimi nyuma yake nimeshika mkunjo wa khanga kiunoni. Zipo siku alilia, zipo siku alinifukuza. Sikumlazimisha aliposema inachoma kwenye mshono, ila uchovu wa misuli sikuukubali kuwa sababu.

Sasa fremu tumemwazimisha jirani, mama anatumia mkongojo. Mguu ulioumia ni wa kushoto, na mkongojo anaushika mkono wa kulia, ndivyo unavyoipunguzia nyonga mzigo. Kila akipita kwenda dukani watu wanamsahihisha, mama hamisha mkono. Anawajibu kwamba aliyemfundisha yuko hospitali, waende wakamuulize, naye anaendelea na safari yake.