Siku moja maishani mwangu: basi la shule, theluji na vina vya -ji

Saa kumi na nusu alfajiri alamu inalia, nje giza totoro, simu inaniambia nyuzi 22 chini ya sifuri. Haya. Hii ni Januari ya Minneapolis, na mwezi huu huu kwetu Tanga kaskazi inavuma watu wanalala madirisha wazi. Nafungua mlango niende kazini kuendesha basi la shule, theluji imefika magotini, na mstari wa shairi unakuja wenyewe: Mlango nimefungua, nje kumejaa theluji. Silabi nane kwa nane. Nikafurahi kweli, nikasahau hata chai yangu juu ya meza.

Saa kumi na moja na robo niko yadi. Mabasi hapa usiku yanachomekwa kwenye umeme kama simu, injini isipoe sana, maana kwa baridi hii hata dizeli inaganda kama samli. La kwangu kuna mtu kachomoa waya, sijui nani, limekataa kuwaka, nimesimama pale robo saa nzima nasubiri fundi na vidole sivisikii, na kichwani nahangaika na neno theluji. Shida yake ni kina, yaani maneno mengine ya kuishia na -ji. Malenga wetu wa pwani theluji waliiandikia ya nini? Kwa hiyo hakuna aliyekufyekea njia, unabaki na maji, mji, uji, kijiji, basi.

Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, watoto. Jua lenyewe linatoka karibu saa mbili. Njia yangu inapita jirani na Ziwa Harriet, saa hizi ni uwanja mweupe tu, na juu yake wasanii wamejenga vibanda vyao, wana mradi wao wanaufanya juu ya barafu tangu 2004. Mwaka 2024 barafu ilikuwa nyembamba wakafunga mapema. Yaani kuna watu baridi ikipungua ndo kazi inaharibika, mimi nilikuwa nadhani ni kinyume!

Saa tano hadi saa saba hakuna watoto. Wenzangu wanalala au wanacheza karata, na mimi winta ya kwanza nililala sana, jioni nikawa najilaumu. Sasa muda wa saa moja hapo ni wa shairi, lije lisije, naandika nyuma ya karatasi za zamani za ukaguzi wa basi. Tunapishana saa 9 na Tanga, kwa hiyo kule ni usiku, shangazi kashakula, namrushia voisi: Baridi yakata pua, nawaza bakuli la uji.

Anacheka. "Umezidisha, baba. Hesabu."

Na-wa-za-ba-ku-li-la-u-ji. Tisa! Bakuli nikalitupa: Baridi yakata pua, natamani kunywa uji. Shangazi hajawahi kuandika shairi hata moja ila masikio yake hayakosei, kazi yangu mimi ni kumpa cha kukosoa.

Saa nane na nusu narudi barabarani. Kwenye taa nyekundu nagonga usukani kwa vidole, mtoto mmoja wa kiti cha mbele ananiuliza unahesabu nini, nikamwambia nahesabu maneno, akaona sawa tu. Kwetu Tanga kuna jua, watoto wacheza maji. Huo ulikuja rahisi mno, siuamini sana, ila nimeuacha. Mwisho wa ruti lazima utembee mpaka nyuma kuangalia kama kuna mtoto kasinzia. Nimekuta glovu moja. Kila siku ni moja, mbili sijawahi kukuta.

Kabla ya saa kumi na moja jua limeshazama. Nyumbani nachukua koleo nisafishe mlangoni, nachota natupa, nachota natupa, mgongo unalia, nikajisemea kwa hasira kabisa: Nani alonichukua, kunileta huu mji?

Nikasimama na koleo mkononi. Nikahesabu mara mbili.

Saa mbili usiku namtumia shangazi ubeti mzima, kule ni alfajiri, ndo kwanza katoka kuswali. Jibu likaja hapo hapo: "Huo wa mwisho ndio wako. Soksi umevaa?"