Hela au limbwata

Hapa Dar ukiona mwanaume na mwanamke wameongozana na hawaendani, maelezo yaliyopo mtaani ni mawili tu. Kama mbaya ni mwanaume, ana hela. Kama mbaya ni mwanamke, kamlisha mwenzie limbwata. La tatu hakuna. Na kama mwanamke ndo mkubwa halafu kijana ndo mbichi, basi lile la hela linageuzwa upande wa pili, huyu mshangazi yule marioo, kesi imefungwa kila mtu aendelee na shughuli zake. Na mimi ni hakimu mzoefu wa hizi kesi msinione hivi. Nikipanda mwendokasi asubuhi Kimara kwenda Kivukoni, kama nimebahatika siti, kazi yangu ni kuangalia nani yuko na nani, nani kabebewa pochi, nani kalala begani kwa nani, na kichwani nshawapanga abiria wote wawili wawili kwa jinsi ninavyoona mimi wanaendana, halafu wanafika Magomeni wanashuka na watu tofauti kabisa na niliowapangia, najisikia kudharauliwa.

Sasa mtaani kwetu kuna kapo imetushinda mahakimu wote. Mke ni pisi, tena sio pisi ya kusema akijitengeneza anapendeza, hapana, ni wale anaenda dukani kununua vocha kavaa kanga na ndala na bado watu wanageuka. Mrefu, ana rangi yake nzuri, kasoma, yuko benki. Mume ni fundi friji na viyoyozi. Anamfikia mkewe begani, kitambi kipo, upara nao umeshaanza safari, na shati ni lile lile la kazini sijui lina doa la mafuta sijui la nini. Hela ya kuitwa hela hana, pikipiki yenyewe bado anarejesha mkopo. Limbwata nalo haliingii hapa maana kwa taratibu za mtaa hiyo ni silaha ya wanawake. Basi watu wakabaki na la Sumbawanga kwa waganga, eti jamaa atakuwa alisafiri. Mtu hajawahi hata kuvuka Morogoro bana!

Juzi saluni huyo dada alikuwepo, mimi nasuka yeye anasubiri kukausha, na yule msusi wetu ambaye mdomo wake hauna breki akamuuliza kabisa, "Dada samahani, usinielewe vibaya, hivi shemeji ulimpendea nini?" Mi nikajifanya naangalia simu. Dada wa watu akacheka tu, inaonekana ashaulizwa sana, akasema nyie mnadhani nilimuona siku moja nikampenda, nani ampende yule kwa kumuona siku moja?

Akatusimulia. Walikuwa wapangaji nyumba moja Magomeni, zile nyumba zetu, vyumba vinatazamana, korido katikati, uani bomba na choo, na LUKU moja nyumba nzima. Kama umeshawahi kukaa nyumba ya LUKU moja unajua kwamba pale ndo udugu unapofia. Fulani ana friji, fulani anapiga pasi usiku wa manane, fulani ana hita ya kuchemshia maji anaificha chini ya kitanda, siku umeme ukikata kila mtu anasema mimi nina taa tu. Jamaa yeye kwa kuwa ni fundi alikuwa anajua kila kitu kinakula uniti ngapi, akawapigia hesabu chumba kwa chumba, akawa ndo mchangishaji. Dada anasema ndo mtu pekee aliyewahi kumuona anachangisha hela ya umeme bila kumtukana mtu wala kumsema mtu pembeni, na ukiwa huna anakuongezea kimya kimya, mwezi unaofuata anakukumbusha tena ukiwa peke yako. Kipindi hicho yeye alikuwa ana mtu wake, handsamu, ana gari, akija anapiga honi nje hashuki. Umeme ukikatika joto linawatoa wote nje, wanakaa uani wanapiga stori mpaka saa sita, na yule fundi kumbe mchekeshaji balaa ila lazima umzoee ndo uanze kumpata utani wake. "Gari lilivyoacha kuja," anasema, "mi wala sikulia sana, nilikuwa nshazoea kucheka na mtu jioni."

Msusi akasema kwa hiyo LUKU ndo iliyokuoza. Saluni nzima ikafa kwa kicheko.

Mi stori ile ikanikaa kichwani nikaenda kusoma, maana ndo ugonjwa wangu, kitu kikinikaa siwezi kulala. Kumbe wapo watu walioikalia hii kazi. Mwaka 2015 Lucy Hunt, Paul Eastwick na Eli Finkel huko Marekani walitoa utafiti wa kapo 167, wakawapa watu wengine kazi ya kutoa maksi za sura na mvuto wa kila mmoja peke yake, halafu wakaangalia waliofahamiana muda gani kabla ya kuanza mapenzi. Walioanza mapema baada ya kukutana, maksi zao zilikaribiana, mzuri kwa mzuri, wa kawaida kwa wa kawaida. Ila wale waliokuwa wanafahamiana muda mrefu kabla, na wale waliokuwa marafiki kwanza, maksi hazikufuata sana mpangilio huo. Nikasoma mara mbili. Yaani kama hamjuani, mtu anapimwa kwa kinachoonekana, na kwenye kinachoonekana kila mtu anajua bei yake na anajua anaweza kununua wapi. Mkijuana kwanza ile bei inavurugika, maana mimi nimeona utani wake wewe hujauona, nimeona alivyomuuguza mama yake, wewe uko nje unaona kitambi tu. Kwa hiyo mi nahisi hawa wanaotushangaza barabarani wengi ni watu waliojuana kabla hawajatakana, na sisi tunaopita tunaona matokeo tu, njia hatukuiona.

Ndo maana pia hizi apu za kutafuta wachumba na huko insta kapo zinatoka zimefanana vile. Unachagua kwa picha utapata wa kufanana na picha yako, utategemea nini kingine? Fundi friji kwenye apu angepitwa sekunde moja, na picha yenyewe angepiga na helmeti.

Na lile la nyumba moja nalo lina wenyewe. Kuna mtafiti anaitwa James Bossard alichukua leseni za ndoa 5,000 za mji wa Philadelphia, akatoa matokeo 1932, akakuta karibu theluthi moja ya maharusi kabla ya ndoa walikuwa wanakaa ndani ya umbali wa mitaa mitano tu. Mtu anasema Mungu kaniandalia wangu, kumbe kamuandalia nyuma ya duka la Mangi. Halafu 1968 Robert Zajonc akaonyesha kwamba kitu ukikiona mara nyingi tu, hata bila sababu, unaanza kukipenda. Hapa mi nina pingamizi kidogo, maana kuna mkaka ofisini kwetu namuona kila siku ya Mungu na kadri ninavyomzoea ndo anavyozidi kunikera, kwa hiyo sidhani kama kuonana peke yake kunatosha, lazima kwanza usiwe mtu wa kumalizia maziwa ya wenzio.

Nikikumbuka vizuri hata wazazi wangu wenyewe ni kesi. Baba Mmakonde wa Newala, mama Mhaya wa Muleba. Chukua ramani ya Tanzania uangalie Newala iko wapi na Muleba iko wapi, hata mtu akipanga kuwatenganisha makusudi asingefanya vizuri zaidi. Na mnajua stori za Wahaya na usomi wao na nshomile zao, bibi yangu upande wa mama inasemekana alilia wiki nzima. Walikutana JKT enzi zile za mujibu wa sheria, unamaliza kidato cha sita unaenda kambini unalima unakimbia mchakamchaka unakula makande. Nshamuuliza mama mara nyingi alimuonaje baba, anasema hakukuwa na cha kuona, wote vipara, wote sare zimewapwaya, wote wananuka jasho, mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima wa korosho wamefanana kama maharage. Kilichobaki ni nani anakusaidia jembe likikushinda na nani anakucheka. Baba alimsaidia halafu akamcheka. Mi naona ile kambi ilikuwa mshenga mkubwa kuliko washenga wote wa nchi hii, na nahisi ndoa nyingi za makabila mchanganyiko za umri wa wazazi wetu ukizifuatilia utakuta kambi, au bweni, au uhamisho wa ualimu kwenda mkoa ambao mtu hakuuomba.

Halafu kuna hili la urefu, hili linawasumbua watu kuliko hata umri. Mke akimzidi mume kimo inakuwa habari. Nenda Coco jumamosi jioni uwaangalie wapiga picha za harusi wanavyohangaika, bwana harusi kapandishwa kwenye jiwe, bibi harusi kavuliwa viatu kaambiwa akunje goti kidogo ndani ya gauni. Mi nilijua dunia nzima iko hivyo. Kumbe wala hatuhitaji kwenda mbali, Rebecca Sear na Frank Marlowe mwaka 2009 waliandika kuhusu Wahadzabe, hawa hawa wetu wa Ziwa Eyasi, wakakuta ndoa ambazo mke ni mrefu kuliko mume zipo kwa kiwango kile kile ambacho ungekipata kama watu wangeoana bila kuangalia kimo kabisa. Hawajali! Watu wanaishi kwa upinde na asali na mizizi, ungetegemea ndo watake majitu marefu ya kuwinda, wao kimya, sisi wa Sinza tunaokula chipsi mayai ndo tunataka futi sita.

Msije mkadhani nimekuwa malaika eti hela haihusiki. Inahusika, nawajua wadangaji kwa majina, na wao hawajifichi. David Buss mwaka 1989 alikusanya majibu ya watu zaidi ya elfu kumi kutoka nchi 33, na karibu kila alipogusa wanawake waliweka uzito zaidi ya wanaume kwenye uwezo wa mtu kutafuta hela. Mi sishangai, mtoto analishwa na nini, mahaba? Ila hayo ni majibu ya kwenye karatasi. Huyo huyo Eastwick na Finkel wake 2008 waliwachukua wanafunzi wakawauliza kwanza wanataka mtu wa aina gani, kisha wakawakutanisha dakika chache chache na watu wengi, na yale waliyoandika kwamba ndo wanayoyataka hayakusaidia kubashiri nani atampenda nani. Mtu kaandika anataka hivi, katoka pale kampenda vile.

Kinachoniuma kwenye hii habari ya fundi ni sisi wengine. Dada alisema kwenye sherehe moja ya kazini kwake mume kafika mlangoni kaambiwa madereva wanasubiri upande ule. Jamaa akaenda kweli upande ule wa madereva, akala nao pilau, akapata na wateja wawili wa viyoyozi. Yeye hakukasirika, mke ndo alitaka kubomoa ukumbi. Na msidhani mke haoni, ule msemo wa chongo kwa mwenye kupenda kuwa kengeza kwake haufanyi kazi kabisa, anamuita "kishoka wangu" mbele za watu, anamwambia panda stuli tuongee, anakijua kimo cha mumewe kuliko sisi tunaokipima kila asubuhi kutoka dirishani.

Basi na mimi nikajikagua. Ukiniuliza nitakwambia napenda mwanaume mrefu, mtaratibu, asiyeongea sana. Ninavyopiga hesabu ya niliowahi kuwapenda kweli kweli hadi nikakosa usingizi, wote ni wafupi, wote wanaongea kama redio ya jirani, na mmoja alikuwa anajisifia kucheza drafti. Sijui nani aliniandikia ile orodha ya mwanzo, nahisi ni tamthilia za saa moja jioni.

Orodha nyingine iko kwa shangazi yangu wa Bukoba ambaye mwaka huu kaapa lazima aniozeshe, anapiga simu kila jumapili baada ya misa, mrefu, msomi, ana kwake, Mkatoliki. Jumapili hii nimemwambia shangazi futa hapo kwenye mrefu. Akanyamaza kidogo, akauliza huyo mfupi anaitwa nani. Nikamwambia hakuna mtu shangazi, nimesoma tu mahali. Akasema sawa, mrefu nafuta, na kwenye "ana kwake" tunaweza kuongea kama ana kiwanja, ila Ukatoliki haufutiki, na huyo mfupi umwambie aje na wazazi wake.