Winchi ilivyogoma kwenye mchanga wa Msimbati

Pikipiki yangu ya magurudumu manne ilizama mchangani mpaka tumboni. Winchi yake (mtambo wa umeme wa kuvutia kwa kamba), iliyofungwa tangu kiwandani, ilinguruma kinyonge kisha kimya. Kosa: nilivuta huku injini imezimwa, na winchi hula betri vibaya sana.

Nikawasha injini kwa kuazima umeme wa betri nyingine, nikaiacha ichaji. Nikalegeza klachi ya winchi, nikavuta kamba ya chuma kwa mkono mpaka kwenye mkorosho (mwenye mti nilimwomba kwanza), nikazungusha mkanda mpana chini kabisa ya shina ili gome lisichunike. Kamba ikapita kwenye kapi lililofungwa kwenye mkanda huo, ndoano ikarudi kwenye fremu: nguvu karibu mara mbili, mwendo nusu. Kwenye ngoma ya winchi, inapojiviringisha kamba, nilibakiza mizunguko mitano, na juu ya kamba nikatandaza koti, maana ikikatika huruka. Pikipiki ikatoka taratibu, mchanga ukimiminika matairini.