MRI ya moyo wangu
Nilizaliwa na tatizo la moyo, tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo zinazokuja pamoja), nikafanyiwa upasuaji utotoni. Wengi hudhani ukishashonwa yameisha. Hapana jamani! Vali ya mshipa wa mapafu inaweza kuvujisha damu miaka na miaka, chumba cha chini cha kulia kikatanuka nawe hujisikii chochote. Wenzangu, kliniki msiache.

Leo nimefanyiwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Ekokadiogramu, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, haikioni vizuri chumba hicho, kimekaa nyuma ya mfupa wa kifua. MRI hupima ujazo wake na damu inayorudi nyuma, tena bila eksirei. Mashine inagonga kwelikweli hata ukivaa vizibo masikioni. Sauti inasema, “Vuta pumzi, toa, bana.” Unabana hadi uruhusiwe. Majibu yatasaidia kuamua kama vali ibadilishwe sasa au tusubiri.